Maneno Ndani ya Kishindo

Msafara wa harusi ukipita Soweto, Moshi, Jumamosi alasiri, mara nyingi hutanguliwa na gari la wazi lililopakia wapiga matarumbeta. Juu ya gari lile hakuna anayeimba. Hata hivyo watu waliosimama kando ya barabara midomo huwacheza, maana tuni inayopigwa imo katika kitabu cha Mwimbieni Bwana na wameijua tangu wakiwa Shule ya Jumapili. Mtazame mpulizaji kwa karibu utaona jambo jingine: anavuta pumzi pale mstari wa wimbo unapokatika, si penginepo. Tuni ilitungwa ifuate maneno, na maneno yanaendelea kumpangia pumzi ingawa hakuna anayeyatamka. Ni desturi ya siku nyingi mlimani. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893, na mazoea ya Kijerumani ya kupiga nyimbo za ibada kwa vyombo vya shaba yakaota mizizi katika sharika za huku, hadi yakashuka barabarani kusindikiza maharusi.

Nayaleta matarumbeta kwa sababu ya ubishi ambao kila mpenda roki nzito katika miji yetu ameshakutana nao. Kijana anasikiliza Metallica au Slipknot kwenye simu. Mwenzake anamuuliza, "Wanasemaje hao?" Naye anajibu, "Sijui, ila sikia hilo gitaa." Hapo watu hugawanyika. Kuna wanaosema bendi ambayo maneno yake hayashikiki haina cha kuhukumiwa, inapiga kelele tu. Na kuna wanaosema katika roki nzito maneno ni pambo: gitaa likiwa na nguvu na dramu ikiwa imesimama, mwimbaji anaweza hata kusoma orodha ya bei za sokoni.

Naona pande zote mbili zinapima maneno mahali pasipo pake. Zinayang'oa kwenye wimbo, zinayatandaza kwenye karatasi, kisha moja inalalamika kwamba hayaeleweki na nyingine inadai hayahitajiki. Maneno ya wimbo wa roki nzito yapimwe kwa kazi yanayoifanya humo ndani. Yanampa mwimbaji sababu gani ya kupaza sauti namna ile? Yanamkatisha pumzi wapi? Yanaipa dramu nini cha kugonga? Kwa kipimo hicho maneno yanaweza kuwa mazito hata yasiposikika vizuri, na yanaweza kuwa mepesi hata yakiwa shairi safi.

Wale wa upande wa kwanza nawaelewa sana, kwa kuwa sikio la Mswahili limelelewa na maneno. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alibeba sauti pamoja na mashairi ambayo watu wa Unguja walikuwa wakiyachambua maana ya nje na ya ndani. Katika taarabu mpaka leo mtu huinuka kwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa yeye, au uliomchoma jirani yake. Dansi likafuata njia hiyo hiyo. Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, alitunga visa vya watu wenye majina, kina Zuwena na Georgina, na wasikilizaji wakavisimuliana kama habari za mtaani. Mashabiki wa bendi za Msondo na Sikinde walishindana miaka na miaka juu ya nani ana watunzi bora. Na juu ya wote ilikaa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako mashairi yalipitiwa kabla bendi haijaruhusiwa kurekodi. Unaweza kuwa na mpiga solo wa ajabu, lakini mlango wa studio ulifunguliwa na karatasi iliyoandikwa maneno. Mazoea hayo hayajaisha. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na kilichoufungisha ni maneno, si mdundo. Sikio lililolelewa hivyo likikutana na mtu anayenguruma dakika sita mfululizo, lazima liulize swali lake la siku zote.

Lakini dansi lenyewe linatoa ushahidi wa upande wa pili, tena ndani ya wimbo mmoja. Nyimbo nyingi za dansi zina nusu mbili. Nusu ya kwanza inakwenda taratibu: kisa kinasimuliwa, waimbaji wanapokezana beti, watu wengine wamekaa na wengine wanacheza kwa upole. Kisha ngoma inabadilika, magitaa yanachemka, maneno yanapungua hadi vipande vya kuitikia na majina ya wanamuziki, na hata aliyekuwa akimalizia nyama yake anainuka. Hakuna shabiki wa dansi anayesema sebene, yaani nusu hiyo ya pili, ni upuuzi kwa kuwa halina shairi. Anajua kwamba nusu ya kwanza ilimwandaa. Kisa kilichosimuliwa kimeingia mwilini, na magitaa yanaendelea kukisema kwa namna yao. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 kutoka katika ubavu wa Simba Wanyika, ambayo nayo ilitokana na Arusha Jazz ya ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga. Lalamiko la wimbo ule linajulikana na kila mtu Afrika Mashariki, ila besi ya Tom Malanga inautambulisha wimbo kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Tena sisi wenyewe tumecheza nyimbo tusizozielewa kwa miongo mingi. Franco alipotoa "Mario" mwaka 1985, kumbi za kwetu ziliicheza, na wachezaji wengi hawakuwa na Kilingala hata cha salamu. Baadaye mtu aliyekaa Kinshasa au Goma akawahadithia: kijana anayetunzwa na mwanamke mtu mzima, na yule mwanamke amechoka. Aliyekwisha kuhadithiwa akiurudia wimbo anasikia kitu ambacho hakukisikia mwanzo. Sauti ya Franco ina karipio, ina dharau kidogo, na kuna mahali anaongea badala ya kuimba kwa sababu hasira haiimbiki. Gitaa halikubadilika. Ila sasa linajulikana linamkaripia nani. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko yote: maneno yakifahamika, sauti zile zile zinasikika upya. Na ule upenzi wa kwanza, wa kucheza bila kuelewa, haukuwa wa uongo. Ulikuwa nusu ya wimbo.

Kuna mwanamuziki mmoja aliyehukumiwa kwa vipimo vyote viwili kwa wakati mmoja, naye ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alifika kwenye majukwaa ya tamasha la WOMAD huko Ulaya, na kampuni ya Real World ikatoa albamu yake mwaka 1989. Watazamaji wa kule hawakuwa na Kiswahili. Walimpima kwa gitaa, kwa sauti iliyokwaruza, kwa jinsi alivyolimiliki jukwaa, wakampenda. Nyumbani alipimwa kwa anachosema juu ya maskini, juu ya kifo, juu ya mtu mwenye sura asiyoichagua. Mwaka 1990 akatoa "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu wakati UKIMWI ulikuwa unaua na wengi wakiona haya kuutaja. Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Mashine zile zile, wanamuziki wale wale, mdundo usiotofautiana sana na wa nyimbo zilizopigwa redioni kila siku: maneno peke yake yaliufungia nje, na maneno hayo hayo yakaufikisha kwa watu kupitia kanda. Anayesema maneno hayana uzito katika muziki wa kuchezeka aeleze basi ile redio iliogopa nini.

Nikisema wazungu wale nao walisikia nusu ya wimbo, sina maana kwamba hawakusikia kitu. Sauti ya Remmy ilikwaruza kwa sababu ya alichokuwa anakisema. Mtu anayeimba juu ya kifo akimaanisha anashika vokali tofauti na anayeimba kujaza nafasi. Mgeni asiyejua lugha hawezi kukueleza maana, lakini anaweza kukwambia kama mwimbaji anamaanisha. Kwa hiyo hata masikio yasiyo na Kiswahili yalikuwa yanapokea kazi ya maneno bila kujua.

Mlimani kwetu jambo hili linaonekana kila wiki. Wagumu wa Kilimanjaro, wale wapagazi wanaobeba mizigo ambayo kanuni zimeiwekea ukomo wa kilo 20, huwaimbia wageni njiani na kwenye kuagana, na wimbo unaotawala umetokana na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms. Teddy Kalanda Harrison aliutunga mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi ikiwapigia watalii hotelini pwani ya Mombasa. Kwenye karatasi ni salamu, makaribisho na kutuliza mgeni, basi. Wagumu wameugeuza wakaingiza jina la mlima na majina ya kambi. Wageni wanaitikia bila kujua wanachokiitikia, na wengi wanalia. Nimewahi kusikia watu wa mjini wakiubeza kuwa ni wimbo wa kitalii. Wausikilize ukiimbwa na watu walioshuka kutoka kambini Barafu asubuhi hiyo, midomo imepasuka kwa baridi, koo limekauka kwa vumbi la njia ya Mweka. Majina ya kambi yale mgumu hayatamki kama pambo. Kila jina ni mahali alipotua mzigo. Maneno mepesi, mwili uliochoka, na wimbo unakuwa mzito.

Sasa twende kwenye roki nzito yenyewe, ilikotokea. Mwaka 1965, Birmingham, Uingereza, kijana Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, na vidole vilivyoumia ni vile vya kukandamiza nyuzi. Akajitengenezea kofia za plastiki za kuvisha vidole, akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia albamu ya Master of Reality ya Black Sabbath, mwaka 1971, alikuwa amezilegeza nyuzi ili zisimuumize. Gitaa likashuka chini, likawa na ule uzito ambao bendi nyingi duniani zimeuiga tangu hapo. Ule mngurumo ambao wahubiri wengi, hata wa mikoani kwetu, wameuita sauti ya shetani ulichangiwa na vidole vya mfanyakazi wa kiwandani. Na katika albamu hiyo hiyo umo wimbo "After Forever", ambao Geezer Butler, mpiga besi aliyelelewa Kikatoliki, aliuandika kuitetea imani kwa Mungu na kuwahoji wanaoidhihaki.

Mtu aliyeihukumu albamu ile kwa mngurumo peke yake amewaita wachawi watu waliokuwa wanahubiri. Ila mtu aliyeyasoma maneno bila kusikia gitaa naye amekosa kitu, kwa sababu maneno hayo yakipigwa kwa kinanda cha kanisani yangekuwa nasaha za kawaida. Yakipita juu ya nyuzi zile zilizolegea yanakuwa ugomvi: mtu anamshika mwenzake kola na kumuuliza akifa ataelekea wapi. Hiyo ndiyo kazi ninayoizungumzia. Ukiyatenganisha, humpati Butler wala Iommi.

Na kuhukumu kwa sauti na mwili tu, bila kujali kinachosemwa, tumekuonja nchini. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, mwaka ule ule wa Operesheni Vijana iliyopambana na sketi fupi na mawigi. Kilicholengwa kilikuwa mtindo na mwenendo wa vijana kwenye kumbi, si ubeti wa wimbo fulani. Huko Marekani nako mwaka 1990 Judas Priest walishtakiwa mahakamani Reno, Nevada, ikidaiwa kwamba ndani ya wimbo mmoja wa albamu yao ya 1978 yamefichwa maneno yaliyowasukuma vijana wawili kujipiga risasi. Hakimu aliitupilia mbali kesi. Mashtaka hayo hayakuhusu maneno yaliyoandikwa, yalihusu maneno ambayo watu waliamini wanayasikia nyuma ya sauti. Pale hofu inapokuwa imetangulia, hata neno lisilotungwa linaweza kufikishwa kizimbani.

Mzanzibari mmoja alilijua sana suala hili la sauti na maneno. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 na kuondoka na familia yake mwaka 1964, ndiye Freddie Mercury wa bendi ya Queen. Siku hizi watu humkumbuka kwa nyimbo za viwanja vya mpira, wakasahau kwamba albamu za mwanzo za Queen zilikuwa roki nzito hasa. "Bohemian Rhapsody" ya mwaka 1975 mpaka anafariki mwaka 1991 hakuwahi kuieleza ina maana gani, na ndani yake kuna Bismillah inayotupwa huku na kule na kwaya nzima. Mwaka 1978 akafungua albamu ya Jazz kwa "Mustapha", wimbo unaochanganya Kiingereza, Kiarabu na maneno yanayofanana na Kiajemi, na mengine hayana lugha. Anayesoma maneno yale kutafuta ujumbe atatoka mikono mitupu. Anayemsikiliza anaanza peke yake, bila chombo chochote, akivuta sauti na kuitetemesha, anatambua namna ya kupaza sauti ambayo mtoto wa Mji Mkongwe alikuwa akiisikia mara tano kwa siku. Mercury hakuwa Mwislamu, familia yake ilikuwa ya Kizoroasta. Lakini mji ulimwingia sikioni. Kwangu mimi "Mustapha" ni wimbo wenye maneno mazito, ingawa hauna hoja hata moja, kwa kuwa sauti zile zilichaguliwa na mtu aliyejua zinatoka wapi na koo lifanye nini ili zitoke.

Iran waliliona kinyume. Kanda ya nyimbo za Queen iliporuhusiwa kuuzwa huko mwaka 2004, iliambatana na kijitabu cha kueleza maana ya maneno, ili msikilizaji ajue kijana wa "Bohemian Rhapsody" ameua mtu na anajuta. Yaani wimbo ulipewa cheti cha tabia njema. Siwacheki. Ni sikio lile lile la kwetu, linaloona kwamba wimbo usioeleweka hauwezi kuaminiwa.

Mtihani mgumu zaidi ni mngurumo, pale mwimbaji anapoiharibu sauti yake kwa makusudi hadi usiweze kutenga neno na neno. Napalm Death wa Birmingham walitoa mwaka 1987 wimbo "You Suffer" wenye urefu wa sekunde moja na kidogo, ambao Guinness wameutambua kuwa mfupi kuliko nyimbo zote. Una maneno manne. Usipoyajua ni mlipuko. Ukiyajua ni swali la mtu aliyeumia, lililoulizwa haraka mno kwa kuwa halina wa kulijibu. Ni wimbo wa utani kwa wengine, lakini sioni wimbo unaothibitisha zaidi kwamba maneno machache yasiyosikika yanaweza kubeba kazi yote.

Nairobi na Kampala ndiko mngurumo ulikokomaa katika ukanda wetu. Martin Khanja na Sam Karugu wa Nairobi waliunda Duma, na albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes. Ni muziki mkali sana: dramu za kompyuta zinazokimbia kupita mguu wa binadamu, na juu yake Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, anapiga mayowe. Wasikilizaji wa Ulaya walioisifu hawakuwa wakichambua beti. Kisha mwaka 2024 Khanja akatoa albamu yake mwenyewe, The Adept, akaielekeza kwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau ambaye anamhesabu kuwa bibi wa ukoo wake. Mama huyo alikaa msituni miaka ya vita, akatunza nywele zake ndefu hadi zilipokatwa mwaka 2022, akafariki mwaka 2023. Ukishajua hilo, mayowe yale yanapata mahali. Hayapigwi hewani tena, yanapigwa kutoka katika msitu unaojulikana, dhidi ya watu wanaojulikana. Maneno yaliyofanya kazi hiyo hayamo hata ndani ya nyimbo, yapo kwenye kutaja jina la marehemu. Nisingethubutu kuihukumu albamu ile bila jina hilo, na wanaodai kwamba kelele inajitosheleza wangejaribu kuisikiliza kabla na baada ya kulijua.

Kuna mahali ambapo sikubali mjadala wa vipimo. Skrewdriver walianza mwaka 1976 kama bendi ya panki ya Uingereza isiyo na siasa ya kutisha. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiongozi wao, Ian Stuart Donaldson, aliigeuza kuwa chombo cha Wanazi mamboleo. Gitaa lilibaki gitaa. Kijana wa Soweto anaweza kuikuta bendi hiyo kwenye intaneti, akatikisa kichwa kwa dakika tatu, asijue kwamba anaitikia wito wa kufukuzwa yeye na ndugu zake. Hapo jibu la "sijui wanasemaje" halitoshi. Ila hata hapo lazima mtu asome kwa makini, kwa sababu kutaja uovu si kuusifu. Slayer walipotoa "Angel of Death" mwaka 1986, wimbo unaoeleza mateso ya daktari wa Kinazi Josef Mengele, kampuni ya Columbia iligoma kuisambaza albamu nzima na wengi wakawaita Wanazi. Wimbo unaeleza jinai, hausifu jinai. Anayezipima bendi mbili hizi kwa sauti tu ataziweka kapu moja, na atakuwa amefanya kosa kubwa.

Sasa lipo swali ambalo linatuhusu sisi kuliko Wazungu wote hawa: roki nzito kwa Kiswahili. Bendi nyingi za metali za Nairobi na Kampala huimba Kiingereza, na nadhani sababu moja ni ya ufundi. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayofungwa kwa konsonanti, yanaangukia juu ya pigo la dramu na kukatika hapo hapo. Kiswahili hakikatiki hivyo. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa vokali, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Yatazame maneno ambayo roki nzito ingeyahitaji: kifo, vita, giza, damu, moto, radi, hofu. Kila moja linagonga mwanzo na kuacha mkia. Ukiyapachika kwenye gitaa lililotungwa kwa Kiingereza, mkia unaning'inia, na mwimbaji anasikika kama anakimbiza wimbo wa mtu mwingine.

Dawa ni kutunga gitaa upya lifuate lugha: pigo zito, kisha jepesi, nyuzi ziachwe ziitike pale vokali inapobaki. Na vokali hiyo ni mali. Mwenye kunguruma anahitaji mahali pa kushikilia sauti, na konsonanti haishikiki. Kiswahili kinampa mahali pa kushika mwishoni mwa kila neno.

Hili si jambo la kuota tu. Sunburst ya Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ikichanganya gitaa la roki na ngoma za kwetu, na albamu yao ya Ave Africa ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, wakati roki ya Wazambia ilikuwa imepamba moto. Ilipotolewa tena mwaka 2016 watu wengi wa rika langu ndipo walipoisikia. Wana wimbo unaoitwa "Enzi za Utumwani" na mwingine "Simba Anguruma". Tamka jina la wa kwanza polepole: silabi zinapanda ngazi hadi kwenye mwa, kisha zinashuka. Mpiga dramu mwenye sikio anajua pa kugonga bila kuambiwa. Kiswahili na roki walikuwa wameshaonana, wakaachana kabla ya kuzoeana, maana muziki wa umeme wa vijana ulikosa studio, ukakosa vyombo, na redio ilikuwa moja.

Arusha, mwendo wa saa mbili kutoka Moshi, X Plastaz walionyesha njia kwa mtindo mwingine. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ilimweka Yamat Ole Meipuko akiimba Kimaasai katikati ya wafokaji wa Kiswahili. Hawakumlazimisha afuate mdundo wa Marekani. Sauti yake ya kifuani, ile ya morani wanaporuka, iliachiwa ipige kama chombo, na mdundo ukaipisha. Bendi ya roki nzito ikifanya hivyo kwa Kichaga au kwa Kiswahili, itakuwa na kitu ambacho Birmingham hawana.

Ila ijiandae. Siku itakapounguruma kwa lugha ambayo mama lishe na dereva wa bajaji wanaielewa, ule msamaha ambao bendi za Kiingereza zimepewa kwetu utakwisha. Itasikilizwa na watu waliomfuata Marijani ubeti kwa ubeti na kumsamehe Remmy sauti mbovu kwa sababu ya alichosema. Watataka kujua kinachomliza mwimbaji ni nini, na watamwambia papo hapo kama hawajaridhika.